Setingi za Simu Ambazo Mtu wa Kigoma Asizikose: Mwongozo Kamili, Kuanzia Saa Hadi Laini

Kila wiki huja mtu kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma mjini, na simu nzima kabisa, akiniambia ni mbovu. Kioo kizima, betri nzima, chaji inaingia vizuri. Ukimuuliza, atasema "saa inarudi nyuma yenyewe", au "inakula vocha nikiwa ufukweni", au "imejiloki na inanidai barua pepe nisiyoijua". Nimeeleza kwa mdomo mpaka sauti imekauka. Watu huitikia, huondoka, na baada ya mwezi wanarudi na tatizo lile lile.

Nimeamua kuyaandika yote hapa, hatua kwa hatua, ili uyafanye mwenyewe nyumbani bila kumlipa fundi hata mia. Hakuna kitu cha kununua. Kila ninachokitaja tayari kimo ndani ya simu yako, ila kimejificha.

Nimeandika nikilenga simu za Android, kwa kuwa ndizo nyingi mikononi mwetu. Mwenye iPhone ataona mambo mengi yanafanana, ila majina na njia vinatofautiana.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye chaji isiyopungua nusu.
- Bando la kutosha kwa ajili ya ramani. MB 500 kwa kawaida zinatosha, ila ukipata Wi-Fi ya mtu ni bora zaidi.
- Daftari na kalamu. Usiandike siri za simu ndani ya simu hiyo hiyo.
- Ile kadi ya plastiki uliyobandulia laini siku uliponunua, kama bado unayo.
- Saa ya ukutani au ya mkononi unayoiamini.

Tenga kama saa moja na nusu, jioni, ukiwa mjini ambako mtandao umetulia. Usianze kazi hii ukiwa umeshapanga foleni ya boti Kibirizi. Wengi wanaoshindwa huanzia hapo: wanakumbuka setingi wakati mtandao umeshaanza kukatika.

Jambo moja la kukusaidia njia nzima: kila kampuni ya simu hupanga Setingi kwa namna yake, kwa hiyo usihangaike kutafuta ukurasa kwa macho. Fungua Setingi, au Mipangilio, uangalie juu kabisa. Kuna alama ya kioo cha kukuzia. Ibonyeze, andika neno unalolitafuta, na simu itakupeleka penyewe. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, andika neno la Kiingereza. Kama iko kwa Kiswahili, andika la Kiswahili.

## Hatua ya 1: Ifunge saa yako kwenye saa za Tanzania

Hii ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi mkoani kwetu, na iliwahi kuniumiza mimi.

Nilikuwa Kagunga kwenye msiba, kule kaskazini karibu na mpaka wa Burundi. Boti ya kurudi mjini ilikuwa iondoke saa 12 asubuhi. Nikatega simu iniamshe saa 11. Ikaniamsha vizuri, nje giza totoro, kioo kinaonyesha 05:00. Nikaoga, nikaaga wafiwa taratibu, nikashuka ufukweni. Nikakuta alama ya boti kwenye mchanga na mama mmoja anaosha masufuria. "Boti imeondoka zamani, baba," akaniambia. Nikamwonyesha simu: 05:40. Akaitazama, akaendelea kusugua sufuria. "Hiyo ni saa ya Burundi."

Sababu ni hii. Burundi, mashariki ya Kongo na Zambia, yaani majirani wetu wote watatu wa Ziwa Tanganyika, wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tukiwa saa 12 asubuhi, wao ni saa 11. Simu inayojipangia saa husikiliza mnara iliyoushika. Ukiwa mwambao wa kaskazini, mnara wa ng'ambo unaweza kuwa na nguvu kuliko wa kwetu, na simu ikaamini kwamba umevuka mpaka.

Wala usitegemee jua likusaidie. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua kwetu huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Saa 12 bado ni giza. Ukiangalia dirishani, huwezi kujua kwamba simu imekudanganya.

Fanya hivi:

1. Fungua Setingi, tafuta "Tarehe na saa".
2. Utaona vitufe viwili: kimoja cha kupanga saa kiotomatiki, cha pili cha kupanga saa za eneo kiotomatiki. Zima hicho cha pili tu. Cha kwanza kiache kimewaka.
3. Bonyeza palipoandikwa saa za eneo au "time zone". Chagua Tanzania, Dar es Salaam. Kama haimo kwenye orodha chagua Nairobi, saa ni ile ile. Pembeni yake lazima pasomeke GMT+03:00.
4. Kama simu yako ina kitufe kimoja tu cha mambo yote mawili, kizime, chagua kwanza saa za eneo, ndipo urekebishe saa na dakika ukifuata saa ya ukutani.

Onyo. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuikuta simu iko nyuma, akaacha saa za eneo vilevile na kuisogeza saa mbele kwa mkono. Kwa macho inaonekana imepona. Ndani, simu sasa inaamini dunia nzima iko saa moja mbele. Programu zinazotegemea saa sahihi, hasa za benki na zile zinazotoa namba za siri za muda mfupi, zinaweza kukukatalia bila kukueleza sababu. Rekebisha eneo kwanza, na saa itajirekebisha.

Utajuaje umefanikiwa? Saa ya simu na ya ukutani zinalingana, na ukirudi kwenye ukurasa ule unasoma GMT+03:00. Nenda Kagunga, lala, amka: bado inasoma hivyo hivyo. Kengele ya kuamka hufuata saa ya simu, kwa hiyo nayo imepona.

## Hatua ya 2: Izuie simu kuhamia mtandao wa ng'ambo

Umekaa zako Tanzania, mara unaingia ujumbe wa kukukaribisha nchi jirani. Wengi huufuta na kuendelea. Ule ujumbe unamaanisha simu yako imeshahamia mtandao wa watu, na bei za kule si za bando lako.

Hali hii hutokea zaidi kwetu kwa sababu ya ziwa. Juu ya maji hakuna mlima wala mti wa kuzuia mawimbi, kwa hiyo mnara ulio mbali hufika. Nyuma yetu kuna vilima vinavyoukinga mnara wa nyumbani.

Kuna mambo mawili ya kufunga hapa. Watu hufunga moja wakadhani wamemaliza.

La kwanza: data. Kwenye Setingi tafuta laini au "SIM". Ukiifungua utaona kitufe cha roming, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine. Kizime. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wanapoteleza: ukiwa na laini mbili, kila laini ina kitufe chake. Ukizima cha laini ya kwanza, ya pili bado iko wazi. Rudi nyuma, ingia laini ya pili, zima tena.

La pili: simu za sauti na SMS. Kitufe cha roming kwa kawaida huzuia data peke yake. Ukiwa umeshikwa na mtandao wa ng'ambo bado unaweza kupiga na kupokea kwa bei ya roming, na huko hata simu unayopokea inaweza kukatwa pesa. Dawa yake ni hii:

1. Ukurasa ule ule wa laini, tafuta palipoandikwa kuchagua mtandao kiotomatiki.
2. Zima. Simu itatafuta kwa dakika moja au mbili. Usiiguse, hata ikionekana imeganda.
3. Itakuletea orodha ya mitandao. Chagua ule wa laini yako, wa Tanzania.
4. Rudia kwa laini ya pili.

Onyo. Ukichagua mtandao kwa mkono, simu inakuwa mwaminifu kupita kiasi. Ukifika kijiji ambacho kampuni yako inatumia mnara wa kampuni nyingine, inaweza kukaa kimya kabisa huku jirani yako anaongea. Ukiona hivyo, rudisha kiotomatiki kwa muda. Mimi huwashauri wanaoishi mwambao wa kaskazini wauache umechaguliwa. Wa Kasulu mjini au Uvinza hawana haja nao.

Tena, kila namba uliyohifadhi iandike kwa kuanza na +255 badala ya sifuri. Namba ya namna hiyo hupigika ukiwa Kigoma na hata ukivuka kwenda Bujumbura, wakati ya 07 ukiwa kule haiendi.

Umefanikiwa ikiwa jina la mtandao juu ya kioo ni la kampuni yako, au hakuna mtandao kabisa. Hapo "hakuna mtandao" ni jibu sahihi: afadhali simu inyamaze kuliko ikulipishe usichokijua.

## Hatua ya 3: Ijue akaunti iliyo ndani ya simu yako

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Mama mmoja anayenunua dagaa Katonga na kuwasafirishia wateja wa Dodoma na Dar es Salaam alinijia na simu iliyojiloki. Mjukuu alikuwa ameichezea mchoro wa loki mpaka simu ikagoma. Kijana mmoja mtaani akamsaidia kuifuta yote kwa vitufe vya pembeni. Ilipowaka, ikadai barua pepe na nenosiri la akaunti iliyokuwamo. Mama hajawahi kufungua barua pepe maishani mwake. Ilifunguliwa na kijana wa duka siku aliponunua simu, kwa dakika tatu, kwa jina alilojitungia, na duka lile halipo tena.

Ni kinga ya simu yake mwenyewe iliyomfungia nje: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu hudai akaunti ya mwenyewe ili mwizi asiweze kuitumia. Lakini kilichomtoa machozi hakikuwa simu. Yalikuwa majina ya wateja wa miaka sita, yote yamo mle, na hakuna hata moja aliloliandika kwenye karatasi.

Kijana wa duka hakuwa na nia mbaya. Alitaka kukuuzia simu iliyo tayari. Ila wewe leo hii ukague:

1. Fungua Setingi, shuka mpaka palipoandikwa Google. Juu utaona anwani ya barua pepe. Iandike kwenye daftari, herufi kwa herufi, pamoja na nukta zake.
2. Je, unajua nenosiri lake? Kama unalijua na ni la kwako mwenyewe, ruka mpaka namba 5.
3. Kama hulijui, ingia kwenye usimamizi wa akaunti, sehemu ya usalama, kisha nenosiri. Bonyeza "umesahau nenosiri". Mara nyingi Google hukubali ukithibitisha kwa loki ya simu yenyewe au kwa msimbo unaotumwa kwa SMS. Hii hufanya kazi sasa, wakati simu iko wazi mkononi mwako. Ikishafutwa, ni vigumu mno.
4. Weka nenosiri jipya, liandike kwenye daftari.
5. Sehemu hiyo hiyo kagua namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Nimekuta namba za wauza duka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Weka yako, na ikiwezekana ongeza ya mtu wa nyumbani.

Google ikikataa katakata, fungua akaunti mpya ya kwako ndani ya simu hiyo hiyo. Kisha ingia kwenye programu ya majina, hamisha majina yote yawe faili, halafu yaingize upya ukichagua akaunti mpya.

Onyo kubwa. Usiondoe akaunti ya zamani kabla hujayaona majina yako ndani ya mpya. Ukiitoa mapema, majina yaliyokuwa yamehifadhiwa humo yataondoka nayo kwenye simu. Hesabu: kama zamani yalikuwa 312, mpya nayo isome 312.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuingia kwenye akaunti hiyo ukitumia simu ya mtu mwingine, kwa kusoma daftari lako tu, na ukayaona majina yako. Jaribu kweli, kisha utoke kwenye simu yake.

## Hatua ya 4: Jiandae kabla haijapotea

Bonyeza *#06# kama unayepiga simu. Zitatokea namba za tarakimu 15, moja au mbili. Hizo ndizo IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, si wa laini. Ziandike. Siku ukienda polisi kuripoti wizi utaulizwa namba hizo, na wengi hukosa kwa kuwa zilikuwa kwenye boksi lililoshawashia mkaa. Ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, tuma IMEI kwa SMS kwenda 15090 kabla ya kutoa pesa. Utajibiwa ni simu ya aina gani, na jibu lisipolingana na simu unayoishika, rudisha. Simu bandia zilianza kuzimwa nchini Juni 2016, kwa hiyo hilo si jambo la kupuuza.

Bonyeza pia *106# ufuate maelekezo, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika ukaikane.

Halafu weka maneno kwenye kioo kilichofungwa. Tafuta "skrini iliyofungwa", kuna sehemu ya kuandika ujumbe. Andika: "Ukiiokota, tafadhali piga" na namba ya mwenzi wako au ya jirani. Usiandike namba iliyomo ndani ya simu hiyo hiyo. Nimeliona kosa hilo kwa watu wazima wenye akili timamu kabisa.

Sasa lililo kubwa hapa, PIN ya laini. Loki ya kioo hulinda simu tu. Mwizi akichomoa laini yako na kuiweka kwenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, anapokea SMS zako zote, pamoja na misimbo ya kufungulia WhatsApp yako na akaunti zako. PIN ya laini humfanya aulizwe namba nne kila laini inapoingizwa kwenye simu au simu inapowashwa.

1. Setingi, tafuta "SIM" na neno kufunga au "lock".
2. Washa. Utaulizwa PIN ya zamani, ile iliyoandikwa kwenye kadi uliyobandulia laini.
3. Ikikubali, chagua kubadilisha PIN, weka yako.

Onyo. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga. Ukikosea PUK mara 10 laini inakufa moja kwa moja, unabaki na kipande cha plastiki. Kama huna kadi, piga huduma kwa wateja wa kampuni yako uulize PIN na PUK, uziandike zote mbili, ndipo uanze.

Umefanikiwa ikiwa ukizima simu na kuiwasha, inakuuliza namba kabla ya mtandao kurudi.

## Hatua ya 5: Kumpa mtu simu bila kumpa maisha yako

Kwetu huwezi kumnyima mtu simu. Mtoto anataka katuni, mgeni anataka kupiga mara moja, mteja anataka kuona picha ya kitenge. Ndani kuna pesa na mazungumzo ya familia.

Simu yako inajua kubandika programu moja mbele ya kioo, anayeishika asiweze kutoka. Tafuta "kubandika programu" kwenye Setingi, iko sehemu ya usalama. Washa, na chini yake washa pia kile kinachodai PIN kabla ya kubandua. Bila hicho cha pili kazi yote ni bure, kwa sababu hata mtoto wa darasa la kwanza ataibandua.

Kisha fungua programu unayotaka kumwonyesha mtu, ingia kwenye orodha ya programu zilizo wazi, bonyeza alama ya programu hiyo kwa juu, chagua kubandika. Mkabidhi. Kwenye simu nyingi, kuibandua unatelezesha kidole kutoka chini ya kioo na kukishikilia. Kwenye zenye vitufe, shikilia kitufe cha kurudi nyuma pamoja na kile cha programu zilizo wazi.

Umefanikiwa ikiwa ukijaribu kutoka, simu inakuletea sehemu ya kuweka PIN.

## Hatua ya 6: Ramani isiyokula bando

Watu wengi huamini kwamba bila bando simu haijui ilipo. Si kweli. GPS hupokea mawimbi kutoka kwenye setelaiti moja kwa moja; haihitaji laini, vocha wala mnara. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua kabla.

1. Fungua Google Maps ukiwa na bando. Bonyeza picha yako pembeni juu.
2. Chagua ramani za nje ya mtandao, kisha uchague eneo lako mwenyewe.
3. Vuta fremu ikumbatie unakokwenda. Mfanyabiashara wa mwambao achukue kutoka Kagunga kaskazini hadi Kalya kusini. Wa bara achukue Kasulu hadi Kibondo. Ukubwa wa faili utauona chini kabla ya kukubali.
4. Pakua, kisha uipe jina.

Ijaribu: washa hali ya ndegeni ("airplane mode"), hakikisha kitufe cha mahali ("location") kimewashwa, toka nje kwenye uwazi, siyo chini ya bati. Subiri dakika mbili tatu. Nukta ya buluu itatua ulipo. Mara ya kwanza nilipomwonyesha mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi wa tangu ujana, alitembea hatua hamsini kwenda na hamsini kurudi, akiitazama nukta inavyomfuata. Akaniomba nimwonyeshe tena kutoka mwanzo, akaja na wanawe wawili.

Onyo kwa wa ziwani. Nukta itakuonyesha uko wapi juu ya maji hata usiku. Haikuonyeshi miamba, kina wala upepo. Nahodha wako ndiye anayevijua hivyo. Ramani hii haikutengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Na bila bando itakupa njia ya gari tu, si ya miguu.

## Hatua ya 7: Betri ifike usiku

Hapa niseme kwa kifupi. Kinachomaliza betri ukiwa boti si mwanga wa kioo peke yake, ni simu kutafuta mnara. Kila inapoukosa inatafuta upya kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana simu inashuka kutoka 80 hadi 30 ndani ya safari ambayo hukuigusa.

Mkitoka tu nje ya mtandao, washa hali ya ndegeni. GPS itaendelea kufanya kazi, kamera, tochi na kengele pia. Kila baada ya saa moja izime kwa dakika tano, SMS ziingie, uiwashe tena. Na usiiache simu juu ya mbao za boti ikipigwa jua la mchana. Joto huua betri polepole na hairudi ilivyokuwa.

## Madogo yanayookoa siku

Ujumbe umeingia na kufutwa kabla hujausoma? Kwenye Android 11 na zaidi, tafuta historia ya arifa uiwashe. Haitafufua vya jana, ila kuanzia leo itahifadhi kila arifa kwa saa 24.

Picha za harusi mtumiane kwa Quick Share, njia ya simu kurushiana mafaili, mkiwa mmekaa pamoja. Hazili bando la yeyote.

Kwenye WhatsApp, ingia hifadhi na data, ondoa tiki zote za kupakua picha na video kwa data ya simu. Makundi ya familia yataacha kukumalizia bando alfajiri.

Wazee wanaoshindwa kusoma, usiwanunulie simu nyingine kwanza. Tafuta ukubwa wa maandishi, vuta mpaka mwisho, kisha uwaulize.

Na jaza maelezo ya matibabu kwenye sehemu ya dharura: kundi la damu kama unalijua, dawa usizopatana nazo, mtu wa kupigiwa. Mhudumu anayekupokea huyasoma bila kufungua loki. Namba ya dharura ni 112, na simu inaweza kuipiga hata ikionyesha "simu za dharura tu".

## Jipime kabla ya safari

Usiku wa kuamkia safari zima simu, uiwashe. Lazima idai PIN ya laini. Soma saa za eneo: GMT+03:00. Fungua kila laini, roming imezimwa kwenye zote mbili. Washa hali ya ndegeni, toka uani, fungua ramani, isubiri nukta. Mpe mtoto simu ikiwa na programu iliyobandikwa, uone kama atatoka.

Kama moja imegoma, rudi kwenye hatua yake tu, usianze upya zote. Daftari liache nyumbani, mahali ambapo mtu wa nyumbani anapajua.